Zanzibar inaishi na wageni, sisi na mawe: feza inabaki kwa nani?

Mwaka 2024, wageni zaidi ya 736,000 waliingia Zanzibar. Mwaka 2020, wakati Korona ilifunga dunia, walikuwa 260,000 hivi. Ni kusema kwa miaka minne tu hesabu ilikaribia kujizidisha mara tatu. Wenyeji wa visiwa, kwa sensa ya 2022, ni karibu milioni 1.9. Wazungu wanafika kuoga bahari, wanalala ku hoteli, wanakula samaki, wanarudi kwao. Na Zanzibar inaishi kwa ile feza wanaacha.

Juu ya nini tunaleta habari ya mchanga mweupe wa bahari kwa watu wenye wanaishi na nyundo na burini? Sababu ni mbili.

Ya kwanza: kila mara bei ya coltan inaanguka ao barabara inafungwa, kunakuwa mtu wa kusimama na kusema: "Tuache mawe, tufanye utalii. Tuko na ngila Kahuzi-Biega, tuko na ziwa, tuko na Idjwi." Ni neno lenye linapendeza masikio. Inafaa kuangalia wale wenye wamekwisha kulifanya.

Ya pili: Zanzibar ilikuwa sawa sisi. Iliishi na kitu kimoja chenye kilitoka kwenye udongo wake, kikauzishwa mbali, kwa bei yenye wengine waliamua. Kisha ikageuka, ikashika kitu kingine. Ile safari imefanya karibu miaka 40. Tunaweza sasa kuhesabu walipata nini na walikosa nini.

Jibu letu, kwa ufupi: Zanzibar inaenda mbele, lakini ingali inasimama na muguu moja. Kugeuza kitu chenye unauzisha haitoshi. Kazi ni kujua nani anapanga bei, na feza inapita kwa mikono mingapi ya wenyeji mbele ya kutoka tena.

KARAFUU ILIANGUKA KWANZA

Tangu wakati wa masultani wa Oman, karne ya 19, Zanzibar ilijulikana kwa karafuu. Visiwa viwili, Unguja na Pemba, viliuzishia dunia sehemu kubwa ya karafuu yote, na Pemba ndiyo ilitoa nyingi zaidi.

Katika karne ya 20 mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia. Kule watu wanavuta sigara zenye zinachanganywa na karafuu, zinaitwa kretek. Kwa miaka mingi Zanzibar ilijiona salama: mwenye kuvuta sigara haachi leo wala kesho. Lakini Indonesia ilipanda miti yake yenyewe. Miti ilipokomaa, mnunuzi akageuka kuwa mshindani. Katika miaka ya 1980 bei ya karafuu ilianguka vibaya, na hakuna mkulima wa Pemba mwenye aliulizwa maoni.

Wenye umri hapa kwetu wanakumbuka mambo sawa na hayo. Mwisho wa mwaka 2000 bei ya coltan ilipanda sana, juu viwanda vya telefone na michezo ya elektroniki viliitafuta kwa nguvu. Watu waliacha mashamba, walimu waliacha masomo, wote wakaenda kuchimba. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Shimo lilikuwa lile lile, jiwe lile lile. Kitu chenye kiligeuka kilikuwa mbali kabisa na Numbi ao Shabunda.

Kuna tena jambo lingine lenye litawafanya mucheke kidogo. Kule Zanzibar, karafuu inanunuliwa na shirika moja tu la serikali, lenye linaitwa ZSTC. Wakati lile shirika lilikuwa linalipa mkulima kidogo, karafuu ilipanda mitumbwi usiku, kutoka Pemba kwenda Kenya. Askari walifukuza, sheria ziliongezwa ukali, na mitumbwi iliendelea. Mwaka 2011 serikali ilipandisha sana bei ya mkulima, na magendo yakapungua.

Sasa tuangalie dhahabu yetu. Mwaka 2022 dhahabu yenye ilitoka Kivu ya Kusini kwa njia ya sheria ilikuwa makumi ya kilo tu. Mwaka 2023, kisha Primera Gold kufungua kazi hapa Bukavu pamoja na watu wa Emirati, kwa ushuru mdogo, ilipita tani 5. Je, udongo wetu ulizaa dhahabu mpya katika mwaka moja? Hapana. Ile dhahabu ilikuwako, ilikuwa inapita njia zingine. Mtu wa Pemba na mtu wa Kamituga wanafikiri namna moja: wanauzisha kwenye bei ni nzuri na njia ni fupi. Leta yenye inataka kodi inaanza na bei. Askari wanakuja nyuma.

MLANGO WA WATALII

Karafuu ilipoanguka, Zanzibar ilitafuta kitu kingine. Kati ya miaka ya 1980 biashara ilifunguliwa, na mwaka 1986 kukatolewa sheria ya kuita watu wa nje walete mitaji. Hoteli zikaanza kujengwa Nungwi, Kendwa, Kiwengwa, Paje na Jambiani. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia.

Leo utalii ni karibu 30% ya uchumi wote wa Zanzibar. Na kwa feza ya kigeni, yaani dola na euro zenye zinaingia kutoka nje, utalii unaleta karibu 80%. Tuseme vizuri: kwa kila dola 10 zenye zinaingia, karibu 8 zimeletwa na mtalii. Kama vile jimbo lenye dola zake nane kwa kumi zinatoka ndani ya shimo.

Tena tukumbuke, Zanzibar si inchi kamili. Ni sehemu ya Tanzania, yenye rais wake, Hussein Ali Mwinyi tangu 2020, na serikali yake. Lakini haina benki kuu yake wala feza yake. Shilingi inatoka Benki Kuu ya Tanzania. Wakati wageni wanakosekana, serikali ya Zanzibar haiwezi kuchapisha noti. Inaweza tu kukopa ao kufunga mukaba.

Kuna mazuri, na lazima tuyaseme. Uchumi umekua, barabara zimejengwa, na mwaka 2021 kiwanja cha ndege cha Abeid Amani Karume kilipata jengo jipya la abiria. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni wa kigeni mwenye anaingia Zanzibar analazimishwa kulipa bima ya dola 44 kwa shirika la bima la serikali ya Zanzibar. Ni akili: ile feza inalipwa na mtu mwenye ameweza kununua tikiti ya ndege, hailipwi na mvuvi wa Nungwi. Sisi tunajua vizuri mambo ya bariera, kwenye mchimbaji mwenye ana kilo moja mgongoni ndiye wa kwanza kusimamishwa.

DOLA 100 ZINAPITA WAPI?

Waswahili wa pwani wana neno: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni anaweza kuja, na mwenyeji asipone.

Tuchukue mfano. Mzungu wa Italia anataka kwenda Zanzibar juma moja. Analipa yote Milan, mbele ya kupanda ndege: safari, kitanda, chakula, vinywaji. Feza ya ndege inabaki na kampuni ya ndege. Ajensi ya Milan inakata yake. Mwenye hoteli, mara nyingi ni mtu wa nje, naye faida yake inaenda kwenye akaunti ya nje. Yenye inafika kijijini ni mishahara, kodi, na feza ya kununua chakula. Na hata hapo kuna tundu: sehemu kubwa ya mboga, nyama, maziwa na matunda yenye hoteli inapika inatoka Tanzania bara ao ng'ambo. Mpishi mkubwa na mkubwa wa mapokezi mara nyingi wametoka bara, Kenya ao Ulaya, juu wamesoma masomo ya hoteli na wanasema luga nyingi. Kijana wa kijiji anapata kazi ya kulinda mlango, kufagia, kutengeneza bustani. Na mvua ya masika ikifika, tangu Machi mpaka Mei, wageni wanapungua, na wengine wanaambiwa warudi nyumbani wangojee.

Hii hadithi tunaijua. Kampuni inaweka kambi mlimani, inaleta hata unga na maji ya chupa kutoka mbali, na mama mwenye shamba la lenga-lenga chini ya mlima hauzishi kitu. Dhahabu inatoka, na kijiji kinabaki na vumbi.

Matokeo yanaonekana ku hesabu. Uchunguzi wa mwaka 2019/20 ulionyesha karibu mtu moja kwa wanne Zanzibar anaishi chini ya kiasi cha mahitaji ya lazima. Na umaskini ni mkubwa zaidi Pemba kuliko Unguja. Pemba, ile ile yenye karafuu yake ililisha sultani, wakoloni na serikali. Hoteli ziko nyingi Unguja, na Pemba watalii ni wachache.

Watu wa Kamituga hawahitaji mtu wa kuwaelezea hii. Sominki ilianzishwa mwaka 1976, ikavunjwa mwaka 1997. Wakati kampuni ilikuwa hai, kulikuwa mshahara, hospitali, masomo. Ilipokufa, hivyo vyote vilianguka pamoja nayo, juu vilikuwa vimefungwa kwa kamba moja.

MAJI, UDONGO NA MAMA WA MWANI

Mbele ya kutamani utalii, tuangalie pia nini inagombaniwa.

Maji kwanza. Mwaka 2012 shirika moja la Uingereza, Tourism Concern, lilipima vijiji vya pwani vya Zanzibar. Nyumba moja ya kijiji ilitumia wastani wa lita 93 kwa siku. Chumba kimoja cha nyumba ya wageni ya kawaida (guesthouse) kilitumia wastani wa lita 686. Hoteli inachimba kisima chake kirefu, inaweka pompe, na kisima cha kijiji kinaanza kuleta maji ya chumvi. Kwetu mto unageuka rangi ya udongo juu ya kuosha mchanga wa mgodi. Kule maji yanageuka chumvi. Wenye wanabeba bidoni ni mama na watoto, hapa na kule.

Udongo ni wa pili. Tangu mapinduzi ya 1964, ardhi yote ya Zanzibar ni ya serikali. Mwekezaji anapewa kwa miaka mingi, na tangu 2021 serikali inakodisha hata visiwa vidogo. Kwetu sheria ya Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Leta, na kibali cha mgodi kinatolewa Kinshasa. Katika inchi zote mbili, babu alilima pale tangu zamani, lakini mwenye karatasi ni mwingine. Kama hakuna mapatano yenye yameandikwa mbele ya kazi kuanza, mwenyeji anahesabiwa kama mgeni ku shamba lake.

Kisha kuna wamama. Tangu mwaka 1989, pwani ya mashariki ya Unguja, sana sana Paje na Jambiani, wamama wanalima mwani. Ni majani ya bahari: wanafunga vipande ku kamba, wanayaacha ndani ya maji mafupi, wanavuna, wanaanika, wanauzisha. Viwanda vya ng'ambo vinatumia mwani kwa chakula na dawa ya meno. Wengi wa walimaji ni wanawake, na kwa wengi ilikuwa feza yao ya kwanza yenye hawakuomba kwa bwana. Lakini wanunuzi ni wachache, bei ni ndogo, bahari imekuwa moto na aina ya mwani yenye bei nzuri inakufa. Tena hoteli nyingi hazipendi kuona kamba na vijiti mbele ya wageni wao.

Wale wamama wanafanana na mama zetu wenye wanatwanga mawe Kamituga: kazi ngumu kuliko wote, na sehemu ndogo kuliko wote. Ila kuna kitu kimoja wamama wengine wa Zanzibar walivumbua. Badala ya kuuzisha mwani mkavu tu, walianza kutengeneza sabuni na mafuta ya ngozi, na kuuzishia wale wale watalii. Sabuni moja inalipa kama kilo nyingi za mwani mkavu. Bahari ni ile ile na mwani ni ule ule, lakini kazi ya mwisho imefanyika kijijini, na faida yake imebaki pale.

ROBINE IKO MIKONONI MWA NANI?

Ubaya mkubwa wa kuishi na wageni ni huu: robine iko kwao.

Mwaka 2014 Ebola ilishika Guinea, Liberia na Sierra Leone. Hakuna hata mgonjwa moja wa ile Ebola alifika Zanzibar. Monrovia iko karibu na Madrid kuliko na Zanzibar. Lakini wazungu wengi walisikia neno "Afrika" na wakavunja safari zao za Afrika Mashariki. Mwaka 2020 Korona ilifunga ndege, na ukuaji wa uchumi wa Zanzibar ukashuka kutoka 7% mpaka 1.3%. Mwezi wa Februari 2022 vita ya Ukraine ilianza, na mamia ya watalii wa Ukraine walijikuta wamefungiwa Zanzibar, hawajui watarudia wapi. Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi, vurugu zilitokea Tanzania bara, intaneti ikakatwa siku kadhaa, na serikali za Ulaya na Marekani zikaonya raia wao. Zanzibar yenyewe ilikuwa na utulivu kuliko bara, lakini mtu wa Berlin akiangalia karta haoni vizuri mpaka kati ya Zanzibar na Dar es Salaam.

Ongeza hapo umeme. Zanzibar inapata umeme kutoka bara kwa waya yenye inapita chini ya bahari. Mwaka 2008 waya ilikatika, Unguja ikakaa giza karibu mwezi. Tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010 ikakatika tena, miezi mitatu. Hoteli ziliwasha jenereta, vijiji vilirudi ku koroboi. Mtegemea cha nduguyo hufa maskini.

Na sisi? Julai 2010 Marekani ilitoa ile sheria ya Dodd-Frank, yenye wengi hapa waliita "loi Obama". Septemba ya mwaka ule rais Kabila alisimamisha kazi ya migodi ya Kivu zote mbili na Maniema, mpaka Machi 2011. Wanunuzi wakakimbia. Watoto walifukuzwa ku masomo, maduka ya vituo vya migodi yalifunga, wamama walizaa nyumbani juu hakuna feza ya materniti. Waliotunga ile sheria walisema wanataka kuzima feza ya vita. Lakini mwenye alilala njaa kwanza ni mchimbaji, mwenye hakuulizwa.

Kwa hiyo kuwa na watalii hakutoi mtu katika ile hali. Tena kuna tofauti moja yenye inatuumiza zaidi sisi. Dhahabu inauzishwa hata wakati wa vita. Mtalii anakimbia kwa habari moja tu ya redio. Utalii unahitaji amani kuliko mgodi.

WENGINE WALIFANYA NINI?

Katika bahari ile ile ya Hindi kuna inchi mbili zenye zinatufundisha.

Mauritius iliishi na sukari. Mwaka 1970, sukari ingali na nguvu, ilitoa sheria ya viwanda vya kutengeneza vitu vya kuuzisha inje, na viwanda vya nguo vikaota. Kisha ikaongeza hoteli, kisha benki na huduma za feza. Mwaka 2009 Ulaya ilipomaliza mapatano ya zamani yenye yalilinda bei ya sukari, Mauritius iliumia lakini haikuanguka. Ilikuwa na miguu mingine ya kusimamia.

Shelisheli ina watu kama 100,000 tu. Ina watalii na kiwanda kikubwa cha samaki wa tuna, pale Victoria. Lakini ilikopa kupita kiasi, na mwaka 2008 ilishindwa kulipa deni la inje. Ilibidi iite Shirika la Feza la Kimataifa na kufunga mukaba kwa miaka. Fukwe zake zilikuwa nzuri kabisa mwaka ule. Uzuri haulipi deni.

Fundisho ni moja: muguu wa pili unajengwa wakati wa kwanza ungali na nguvu. Ukingoja uvunjike, unakosa hata feza ya kununua fimbo.

Zanzibar inajua hii. Serikali ya Mwinyi inasema juu ya "uchumi wa buluu": uvuvi wa bahari kubwa, bandari, mwani, mafuta na gesi kama itapatikana. Ni mpango mzuri ku karatasi, lakini unaenda polepole. Hoteli inajengwa kwa miaka miwili na inaanza kuingiza feza. Kufundisha wavuvi, kununua meli na kujenga kiwanda cha samaki kunachukua miaka mingi, na mwanasiasa anahesabu miaka mitano.

ZANZIBAR KESHO

Tunaonaje mbele? Kama hakuna ugonjwa mpya wala vurugu, hesabu ya wageni itaendelea kupanda. Lakini hesabu ya wageni peke yake haitaonyesha kama watu wanaishi vizuri. Mambo matatu ndiyo ya kuangalia.

La kwanza ni mshahara na chakula. Siku hoteli za Nungwi zitanunua nyanya, mayai na samaki kwa wenyeji kwa kontra ya mwaka mzima, faida itaonekana vijijini hata kama wageni hawajaongezeka.

La pili ni Pemba. Kama Pemba inabaki nyuma, vijana wake wataendelea kupanda boti kwenda Unguja, na Unguja itajaa watu wenye kutafuta kazi zile zile.

La tatu ni madeni. Barabara na viwanja vya ndege vimejengwa kwa mikopo, na mikopo inangojea feza ya wageni. Mwaka moja mbaya sawa 2020 unaweza kufanya ile feza ya hospitali iende kulipa deni.

NA SISI JE?

Tusidanganyane: utalii hautatuokoa kesho asubui. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970, ikaingia urithi wa dunia mwaka 1980, na tangu 1997 iko ku liste ya urithi wenye uko hatarini. Batwa walifukuzwa ndani yake miaka ya 1970, na mpaka leo wanadai udongo wao. Jirani Rwanda wanalipisha mgeni dola 1,500 kwa kuona ngila, tangu 2017, na 10% ya mapato ya mbuga inarudi kwa vijiji vya kando. Wanaweza, juu mgeni anashuka ndege, anapanda gari, anafika salama. Hapa, vita ilipoingia mjini Februari 2025, mabenki yalifunga milango na ndege za abiria ziliacha kutua Kavumu. Mwenye kusema utalii leo aanze na amani na barabara.

Lakini fundisho la Zanzibar si la watalii tu. Liko na faida hata kwa mtu mwenye atabaki ku shimo miaka kumi tena.

Kwanza, tuuzishie mgodi. Nani analisha Kamituga, Misisi, Lugushwa? Unga, maharagi, mafuta, samaki, mengi yanatoka mbali, yanapita barabara mbovu, na bei inapanda kila kilometa. Familia yenye bwana anachimba na mama analima maharagi ao anafuga samaki ku kidimbwi cha karibu inakula mara mbili ku mgodi moja. Siku bei ya dhahabu inaanguka, watu bado watakula maharagi.

Pili, tujue haki yetu. Kodi ya mgodi mwaka 2018 imebadilishwa: katika ile haki ya Leta yenye makampuni yanalipa juu ya madini, 15% ni ya chefferie, sekta ao komine ya pale, 25% ni ya jimbo. Na kampuni inapaswa kutoa 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya vijiji vya kando. Hii haihusu shimo la wachimbaji wa mikono, inahusu makampuni. Lakini kwenye kampuni iko, wenyeji wana ruhusa ya kuuliza chefu: mwaka jana iliingia ngapi, na ilijenga nini? Watu wa Nungwi wangekuwa na sheria yenye kutaja kijiji chao kwa hesabu namna hii, wangeifunga ku mlango wa kila hoteli.

Tatu, tuweke akiba kwa pamoja. Wakati mabenki yamefunga, likirimba na vikundi vya AVEC ndivyo vimebeba watu. Kikundi chenye kina kitabu, sanduku la funguo tatu na mama mwaminifu wa kuandika ni benki tosha kwa kununua mbuzi, cherehani ao masomo ya mutoto. Feza ya shimo inakuja kwa mushindo na inaondoka kwa mushindo. Yenye inabaki ni ile ilipita ku kikundi mbele ya kufika ku baa.

Nne, watoto. Kule Zanzibar kazi nzuri za hoteli zilienda kwa wenye walisoma masomo ya hoteli na luga, hata kama walitoka mbali. Siku amani itarudi na makampuni ao watalii watakuja hapa, watatafuta mekanisiani, mwenye kuhesabu, mpishi, mwenye kusema Kiingereza. Kama hatuna, watawaleta kutoka inje, na mutoto wetu atapewa kazi ya kulinda bariera.

Mkulima wa Pemba alingoja Indonesia, na mfanyakazi wa hoteli anangoja ndege ya Milan. Sisi tunangoja bei ya Dubai. Hakuna kati yetu mwenye anaweza kupanga ile bei. Lakini kitu kimoja kiko mikononi mwetu: kwa kila dola 10 zenye zinatoka shimoni, ngapi zinapita kwanza kwa mlimaji wa hapa, fundi wa hapa, mwalimu wa hapa? Kila familia inaweza kufanya hiyo hesabu mwisho wa mwezi, na kila kikundi kinaweza kuifanya kwa kijiji chake. Kama jibu ni mbili, tutafute gisi gani ya kufika tatu.